Shahada ya Elimu ya Jamii: Gharama Yake, Pato Lake, na Nani Ailipe

Kila mwaka, yanapotoka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, swali moja huzunguka katika baraza na majumba yetu, tangu Kibokoni mpaka Bondeni. Kijana amepata alama za kumwingiza chuo kikuu. Udaktari haukumfikia, uhandisi haukumfikia, naye ameitwa akasome sosholojia, au siasa, au uchumi, au historia. Mzazi wake anauliza: baada ya miaka minne, mwanangu atapata nini?

Swali hili si la aibu. Mwenye kuuliza bei kabla ya kununua ni mtu mwenye akili, na mwenye watoto watano na duka moja hana ruhusa ya kutoa mali kwa mmoja bila ya kufikiri haki za wanne. Tunalolikataa sisi ni kulijibu swali hili kwa haraka. Wako wanaosema, ‘Elimu haina bei, mpeleke,’ na wako wanaosema, ‘Hiyo ni karatasi ya kufungia bajia, usimpeleke.’ Wote wawili wamejipumzisha na taabu ya kupima. Leo tutajaribu kupima: kwanza gharama, kisha pato, kisha tuulize jambo ambalo twaona limesahauliwa, nalo ni kwamba faida ya elimu hii humfikia nani.

Tunaposema elimu ya jamii tunakusudia elimu zinazochunguza namna watu wanavyoishi pamoja: wanavyotawaliwa, wanavyochuma, wanavyorithishana, wanavyohama, na kwa nini dola husimama kisha zikaanguka. Asidhani mtu kuwa elimu hii ni ugeni ulioletwa na meli. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, aliiandika Muqaddima yake mwaka 1377, na humo akaifanya hali ya jamii ya wanaadamu kuwa elimu yenye kusimama peke yake, yenye sababu na matokeo. Mwandishi huyo alikuwa kadhi. Kwa hiyo anayeiona elimu hii haiwafai watu wa dini, na aanze kumjibu yeye.

GHARAMA

Watu wengi wakitaja gharama ya chuo hutaja karo tu. Karo ni sehemu, na mara nyingine si sehemu kubwa. Kwa muda mrefu mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo cha umma cha Kenya alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mpango uliotangazwa mwaka 2023 uliubadilisha utaratibu huo: gharama ikagawanywa mafungu matatu, fungu la msaada, fungu la mkopo, na fungu la kutolewa na jamaa kwa kadiri ya uwezo wao. Katika daraja tano zilizowekwa, jamaa wa daraja ya chini kabisa waliandikiwa asilimia 5 ya gharama, na wa daraja ya juu asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuhukumu mpango huo kuwa unapingana na katiba, na serikali ikakata rufaa. Mzazi hana wasaa wa kungojea mawakili wamalize maneno yao. Mwanawe anatakiwa chuoni mwezi ule ule.

Lakini gharama kubwa zaidi ni ile isiyoandikwa katika risiti yoyote, nayo ni pato ambalo kijana angelipata lau asingelikwenda kusoma. Tutoe mfano wa kukisia. Tuseme kijana angelifanya kazi dukani kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa miaka minne hizo ni shilingi 720,000. Tuseme tena kwamba karo, chumba na nauli humla shilingi 100,000 kwa mwaka. Chakula hatukihesabu, kwani hata nyumbani angelikula. Hizo ni shilingi 400,000, na jumla ni shilingi 1,120,000. Ikiwa shahada yake itamzidishia shilingi 10,000 kila mwezi kuliko alivyokuwa akipata dukani, basi atafanya kazi zaidi ya miaka 9 ndipo arudishe kilichotoka. Na akikaa miaka mitatu bila ya kazi baada ya kuhitimu, khasara imeongezeka shilingi 540,000, na miaka 9 imekuwa karibu miaka 14. Kila jamaa na watie hesabu zao mahali pa hizi zetu. Njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Bado hatujalitaja deni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, humkopesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Wengine wataiona nyongeza hiyo ndogo, na kwa kipimo cha soko ni ndogo kweli. Lakini kwa kijana aliyefundishwa tangu chuoni kwamba riba ni haramu, si ndogo wala si kubwa. Ni mlango asiotaka kuupita. Tutalirudia jambo hili mbele.

PATO

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Wanauchumi wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1964 Gary Becker, Mmarekani, alitoa kitabu kilichoieleza elimu kuwa ni rasilmali iliyowekwa ndani ya mtu, kama vile mwenye jahazi anavyotia fedha katika tanga na mbao. Mwaka 2018 George Psacharopoulos na Harry Patrinos walikusanya matokeo ya tafiti za nchi nyingi, wakaona kwamba kila mwaka mmoja zaidi wa masomo huongeza pato la mtu kwa wastani wa asilimia 9 hivi, na kwamba katika Afrika iliyo kusini ya Sahara faida ya chuo kikuu ni kubwa kuliko katika nchi tajiri, kwa kuwa wahitimu huku ni wachache.

Khabari hii ni njema, lakini inataka kusomwa kwa uangalifu. Wastani si ahadi. Mto wenye kina cha wastani wa futi tatu unaweza kumzamisha mtu mrefu. Ndani ya wastani ule wamo madaktari, mahakimu na wahandisi, na wamo pia waliosoma elimu ya jamii wakaishia kuendesha pikipiki au kuuza vocha za simu. Kwa jumla elimu za jamii hulipa chini ya utabibu na uhandisi, na tofauti baina ya mhitimu wa juu na wa chini ni pana sana. Mwenye hadhari hatazami wastani peke yake. Hutazama pia ataangukia wapi ikiwa mambo hayakwenda vyema.

Liko na jambo jengine. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alionyesha kwamba shahada huweza kumpa mtu mshahara mkubwa hata kama haikumzidishia ujuzi wowote, kwa sababu mwajiri huitumia kama alama ya kumjua mwenye bidii na akili katika umati asioujua. Tatizo la alama ni kwamba ikivaliwa na wote haitambulishi yeyote. Ronald Dore, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu maradhi ya kutafuta vyeti, aliitaja Kenya miongoni mwa nchi alizozichunguza: kazi iliyokuwa ikitaka cheti cha shule ya kati ikawa inataka cha sekondari, kisha shahada, na kazi yenyewe haijabadilika. Anayesoma kwa ajili ya alama tu anakimbilia kitu kinachomkimbia.

Tena hapa mjini tuna ushahidi kwamba elimu na shahada ni vitu viwili. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017, hakuwa msomi wa chuo kikuu, nao maprofesa wa Kiswahili kutoka ng’ambo walikuwa wakimwendea kujifunza. Neno ‘runinga’ tunalolitumia leo ni lake.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Hapo mtu atasema: ‘Je, na Profesa Ali Mazrui?’ Ni haki kumtaja, kwani hapana mfano wa karibu zaidi. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na baba yake alifariki mwaka 1947 yeye akiwa mtoto bado. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge hayakuwa ya kujivunia. Alifanya kazi ya ukarani katika ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kuendelea na masomo. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Akawa profesa wa elimu ya siasa Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1986 filamu zake tisa juu ya Afrika zilionyeshwa duniani. Alifariki Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome ya Yesu.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba alama za mtihani mmoja hazikati hukumu ya akili ya mtu. Twajifunza pia kwamba taasisi iliyojengwa kwa ajili ya kufundisha ufundi ilikuwa na karani ambaye kipawa chake hakikuwa cha mkono wala cha mashine. Lakini hatuwezi kumfanya marehemu kuwa dalili ya kwamba kila anayesoma siasa atafika. Aliyevuka bahari husimulia, waliozama hatuwasikii. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa kutazama mmoja aliyevuka hakupima, ametumaini. Na tumaini ni zuri, ila halilipi karo.

Mpaka hapa mizani ya fedha inasema hivi: shahada ya elimu ya jamii yaweza kulipa, lakini hulipa polepole, na ina khatari nyingi kuliko inavyosemwa. Tungeishia hapa, jawabu lingekuwa, ‘Mwenye nacho na asome, asiye nacho na asijaribu.’ Sisi twaona jawabu hilo lina kasoro, kwa sababu mizani hii imepima fedha zinazoingia katika mfuko wa mwenye shahada tu.

FAIDA ISIYOINGIA MSHAHARANI

Tuitazame Ngome ya Yesu yenyewe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili na nusu. Na Waingereza wakaifanya jela tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Katika miaka hiyo yote ya jela, mji ulipata nini katika ngome ile isipokuwa khofu? Kisha wakaja wataalamu wa mambo ya kale. James Kirkman aliichimba na kuitengeneza kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Baina ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mwaka 2011 ngome ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Hesabu mishahara ya waliofanya kazi ile, utaona si ya kutajirisha mtu. Kisha hesabu waongozaji wa wageni, wauza vinyago, wapishi, wenye mashua na wenye nyumba za kulala wageni ambao kwa zaidi ya miaka 60 wamekula kwa sababu jela ilifasiriwa ikawa historia. Fedha hizo hazikuingia katika mfuko wa aliyesoma. Ziliingia katika mifuko yetu.

Jambo la ardhi ni zito zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi hawakudai, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa hawakuona haja ya kuomba cheti cha kitu walichokirithi kwa babu zao. Matokeo yake twayaona mpaka leo: watu wanaoitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Ilipoundwa tume ya ukweli, haki na maridhiano, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2013, dhulma za ardhi za pwani zilikuwa miongoni mwa mambo iliyoyaandika. Tume hazisikii vilio peke yake. Hutaka tarehe, ramani, hati, hesabu za kaya, na mtu wa kuzipanga zikafahamika. Mji usio na watu wa kazi hiyo huenda mbele ya tume na machozi tu.

Na reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni mfano wa jana. Ilipoamriwa kwamba makasha yapelekwe Nairobi kwa reli, wenye malori, mawakala wa forodha na wauza chakula wa Mombasa walipiga kelele, wakaambiwa wanapinga maendeleo. Wataalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakayachunguza madhara hayo, na uchunguzi wao ukatolewa mwaka 2019. Tangu hapo malalamiko ya barabarani yakawa na hesabu ya kuwekwa mezani. Amri yenyewe iliondolewa mwaka 2022, na hatusemi kwamba uchunguzi ndio ulioiondoa. Tunasema kwamba mwenye hesabu husikizwa tofauti na mwenye kelele. Lakini swali letu ni hili: kwa nini hesabu ya bandari yetu ilitubidi tuitake Nairobi?

BASI NANI ALIPE?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya amezigawanya elimu: iliyo fardhi ya kila mtu, na iliyo fardhi ya kutoshelezana, ambayo wakiifanya baadhi wengine huvuliwa, na wasipoifanya hata mmoja wote hupata dhambi. Katika fungu hili la pili ametia utabibu, hisabu, kilimo, ufumaji na ushoni, na pia siasa ya kuendesha mambo ya watu. Kisha akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia fikihi hali miji ilikuwa haina tabibu Mwislamu, na sababu aliyoitaja ni ya kutuonya: fikihi ilikuwa njia ya kushika mali za wakfu na za mayatima na kupata ukadhi. Yaani watu walichagua elimu kwa kutazama pato, na haja ya mji ikaachwa.

Ikiwa elimu hii ni haja ya mji, na faida yake nyingi huingia katika mji, basi si haki mzigo wake wote kumtwika kijana mmoja maskini na mama yake. Tunamwachia alipe peke yake, akope peke yake, na akikosa mshahara tunamcheka sote barazani. Kisha siku ya kuitwa mbele ya tume tunamtafuta atuandikie barua. Huo si ukarimu wala si biashara.

Hapo ndipo linapokuja suala la riba. Hukumu ya mkopo ule na dharura yake twawaachia masheikh wenye ujuzi. Lakini twasema hivi: jamii inayomwambia kijana, ‘Mlango huu ni haramu,’ kisha isimfungulie mlango mwengine, imemnyima elimu kwa jina la dini. Na mlango upo, tena wazee wetu waliujua. Waliweka wakfu visima, misikiti, mashamba na nyumba; Tume ya Wakfu ya Kenya ipo hapa hapa Mombasa. Ni kitu gani kinachozuia nyumba kumi za mji huu kuungana kutoa mkopo mwema usio na nyongeza kwa wanafunzi watatu kila mwaka?

Mtu atajibu, ‘Tukiwasomesha watahama.’ Jawabu hili si la kupuuzwa, kwani wengi wamehama, na wakubwa wao. Basi na ufanywe mkataba ulio wazi: aliyesomeshwa na mji atautumikia kwa miaka kadha wa kadha, katika shule, au katika makumbusho, au katika kuandika mambo ya ardhi na wakfu, na akipenda kwenda, arudishe kile alichopewa, bila ya kuzidishiwa, asomeshewe mwengine. Mwengine atasema kwamba mji una haja ya wauguzi na mafundi kwanza. Kweli, na hatusemi wanafunzi wote watatu wasome sosholojia. Mmoja akisoma elimu ya jamii, akaisoma sawasawa, atatosha pahala pa kumi walioisoma kwa kukosa jengine.

NASAHA

Kwa mzazi twasema: fanya hesabu yako mbele ya mwanao, kwa kalamu, naye aione. Usiuze nyumba ya urithi ambayo ndugu zake wana haki ndani yake kwa ajili ya shahada ya mmoja, wala usimkataze elimu kwa sababu jirani amesema haina mshahara. Muulize anataka kufanya nini kwayo, umsikize mpaka amalize.

Kwa kijana twasema: usiende kwa kuwa ndiko ulikotupwa na alama. Ukienda, jifunze yale magumu ya elimu hiyo: takwimu, kusoma hati za kale, kuhoji watu kwa uaminifu, na kuandika Kiswahili na Kiingereza kilichonyooka. Hayo ndiyo yanayomtofautisha mwenye elimu na mwenye cheti, na ndiyo yanayolipwa pia.

Na kwa sisi watu wa mji: tuache kuuliza tu, ‘Atapata nini?’ Tuulize pamoja nalo, ‘Tutakosa nini asiposoma?’ Swali la kwanza ni la mzazi, na ana haki ya kuliuliza. La pili ni letu sote, na kwa muda mrefu hapana aliyelijibu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulijibu kwa mali zetu, kwani kwa maneno tumekwisha kulijibu mara nyingi.